Mkopo Ambao Hakuna Aliyekopa: Uhakiki wa Istilahi za Soko la Kaboni

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika kueleza biashara ya kaboni, yaani ule utaratibu ambao kwa huo mtu au kampuni inayochafua anga hulipa ili uchafu wa kiasi kile kile upunguzwe mahali pengine. Nyingi kati ya istilahi hizo yaonekana zimezaliwa kwa haraka, mezani kwa watafsiri wa miradi na katika vyumba vya habari, wala hazikungoja mjadala wa wanaistilahi. Jambo hilo peke yake si kosa. Maneno mengi mazuri tuliyo nayo yalizaliwa hivyo hivyo. Lakini istilahi mbaya ya fizikia humsumbua mwanafunzi kwa muhula mmoja, kisha mwalimu humsahihishia. Istilahi mbaya iliyoandikwa katika mkataba wa kijiji hukaa miaka 30 au zaidi, na walioipigia kura ndio wanaoishi nayo.

Kabla ya kuyahukumu maneno yatubidi tukubaliane juu ya jambo lenyewe. Anayechoma makaa ya mawe, petroli au gesi asilia hutoa hewa ukaa, nayo hukusanyika angani na kuzuia joto lisitoke duniani. Njia iliyo wazi ya kupunguza madhara hayo ni kuacha kuchoma. Njia nyingine, ambayo ndiyo iliyozaa soko hili, ni kumlipa mtu mwingine ili apunguze yeye: asikate msitu ambao angeukata, au apande miti, au apike kwa jiko lisilokula kuni nyingi. Wahakiki huikagua kazi hiyo, kisha katika daftari maalumu huandikwa namba moja kwa kila tani moja ya hewa ukaa, au ya gesi nyinginezo zilizolinganishwa nayo. Namba hiyo ndiyo inayouzwa. Mnunuzi akitaka kuitumia, huifuta daftarini na kutangaza kwamba tani yake moja imekwisha kupunguzwa.

Mfano wa mwanzo unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 1988, pale kampuni ya umeme ya Marekani iitwayo AES ilipokubali kugharimia upandaji wa miti nchini Guatemala kwa ajili ya moshi wa kituo chake cha makaa ya mawe katika jimbo la Connecticut. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliipa biashara hiyo mahali katika sheria za kimataifa, na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ukaiendeleza katika Ibara yake ya 6. Pembeni mwa masoko hayo ya kiserikali limekua soko jingine, ambalo wanunuzi wake hawakulazimishwa na sheria yoyote. Soko hilo la pili ndilo lililowafikia wasemaji wa Kiswahili vijijini: Wahadzabe wa bonde la Yaeda, vijiji vya misitu ya Ntakata katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, wakazi wa Kasigau huko Taita Taveta, na wavuvi wa ghuba ya Gazi katika Kwale. Tanzania ilitunga kanuni za kusimamia biashara hiyo mwaka 2022, na Kenya ikaifanyia marekebisho Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023. Kwa hiyo hatuzungumzii tena msamiati wa wataalamu peke yao.

Istilahi ya kwanza, na ambayo kwa maoni yetu ndiyo mbovu kupita zote, ni "mkopo wa kaboni". Yasikika redioni na yasomeka magazetini, ndani na nje ya Afrika Mashariki. Asili ya kosa ni rahisi kuiona. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana nyingi: benki ni mkopo; katika daftari la hesabu ni kiasi kilichoandikwa kwa manufaa ya mwenye hesabu; chuoni ni alama anazopewa aliyekamilisha somo; mwishoni mwa filamu ni kutajwa jina kwa kazi uliyoifanya. Mtafsiri amefungua kamusi, akachukua maana iliyotangulia, akaendelea na kazi. Maana inayohusika hapa ni ile ya alama za mwanafunzi, yaani uthibitisho kwamba kazi fulani imekamilika, wala haina uhusiano wowote na kukopa.

Katika Kiswahili mkopo una watu wawili na siku moja: mkopeshaji, mkopaji, na siku ya kurejesha. Au, kama walivyosema wazee, mwia na mwiwa. Mkulima aliyekwisha kuchukua mkopo wa pembejeo, au mama aliyeonja ile mikopo ya mitaani ambayo Watanzania wameipa jina la "kausha damu", akisikia kwamba kijiji chake kitapata mkopo wa kaboni hatauliza juu ya miti. Atauliza riba ni kiasi gani, marejesho ni lini, na iwapo hawatalipa watachukuliwa nini. Na kwa kuwa ardhi ndiyo mali pekee ya kijiji inayotajwa katika mkataba, jibu atajipa mwenyewe. Kijiji kinaweza kukataa mpango wenye manufaa kwa sababu ya neno hilo. Kinaweza pia kukubali kwa sababu yake, kikidhani kwamba fedha zinatangulia na kazi itafuata, hali katika miradi mingi kazi ndiyo inayotangulia, na fedha hufuata baada ya uhakiki na mauzo.

Wapo waliolikimbia neno "mkopo" wakaangukia mengineyo. "Viwango vya kaboni" haisemi kitu. Kiwango ni kipimo au daraja, wala hakuna anayeweza kukinunua. "Salio" ni la simu na la benki, nalo ni kile kinachobaki. "Hati ya kaboni" ni bora zaidi, na katika chumba cha mawakili pengine ingetosha. Kijijini, hata hivyo, neno hati halisimami peke yake. Lina kivuli cha hati ya ardhi. Ukimwambia mzee kwamba mgeni ameondoka na hati za kaboni za msitu wake, atakuwa na haki ya kushtuka.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuipendelea "stakabadhi". Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua vyema mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hukabidhi mazao, hupewa karatasi, na karatasi ile husimama badala ya mazao. Mfano huo unavutia, kwani hapa pia karatasi husimama badala ya kitu. Lakini mwenye stakabadhi ya korosho anaweza kwenda ghalani akaonyeshwa magunia. Mwenye namba ya kaboni hana ghala la kwenda. Tani aliyoinunua ni tani ambayo haikutokea. Kwa sababu hiyo tumeiacha.

Lililobaki ni "cheti". Cheti hakikabidhi mali wala hakidai deni. Hushuhudia kwamba jambo fulani limetukia: mtoto amezaliwa, mwanafunzi amefaulu, ng'ombe wamechanjwa. Namba iliyomo katika daftari la kaboni ni ushahidi wa namna hiyo hiyo, na ubora wake wote hutegemea ukweli wa aliyeshuhudia. Kuna pingamizi moja linaloweza kutolewa, nalo ni kwamba cheti hakiuzwi. Katika masikio ya Mtanzania anayekumbuka mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma zaidi ya 9,000 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, kusikia vyeti vinauzwa sokoni kunakera. Sisi tunaona kwamba karaha hiyo si hasara. Neno linalomfanya msikilizaji aulize "nani amethibitisha?" limeanza kazi yake vizuri.

Sasa tuje katika "hewa". "Biashara ya hewa ukaa" na, kwa kifupi cha mitaani, "kuuza hewa", ni maneno yaliyoenea sana. "Ukaa" lenyewe ni neno zuri, na yafaa tulisifu. Limetokana na kaa na makaa, likapewa kiambishi cha u-, na mchoma mkaa yeyote anaweza kufafanuliwa kwa dakika moja: ile nyeusi unayoitoa katika tanuri ilikuwa ndani ya mti siku zote; ukiichoma huruka na kuwa hewa; mti ukibaki umesimama, nayo hubaki. Hakuna mkopo kutoka lugha ya kigeni unaoweza kufanya hivyo. "Kaboni" ni jina tupu masikioni mwa asiyesoma kemia.

Tatizo limo katika hewa. Kwanza, kinachouzwa si hewa. Hakuna chupa, hakuna bomba, wala kijiji hakivuti pumzi pungufu baada ya mauzo, ingawa wanakijiji wanaweza kujiuliza hivyo kwa haki kabisa. Pili, na hili watafsiri wamelisahau, Kiswahili cha Tanzania kimekwisha kulipa neno hewa kazi nyingine. Tangu kampeni ya mwaka 2016 ya kuwaondoa watumishi hewa katika orodha za mishahara, na hata kabla yake, "hewa" ikifuata nomino humaanisha kitu kilichoandikwa lakini hakipo: wanafunzi hewa, malipo hewa, mikopo hewa. Mtu aliyeunganisha "mkopo" na "hewa" katika sentensi moja ya mkutano wa kijiji, akitarajia kuaminiwa, hakuishi nchini kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba lugha ya mitaani, bila ya kukusudia, imeligusa swali lenyewe ambalo wataalamu wanabishania, kama tutakavyoona mbele.

Kuna kosa jingine katika sehemu hii ambalo si la masikio tu bali la fedha. Kaboni na hewa ukaa si kitu kimoja. Chembe ya ukaa ina uzito wa 12. Ikiungana na oksijeni kuwa hewa ukaa uzito hufika 44. Kwa hiyo tani 1 ya ukaa iliyomo mitini, ikiungua yote, hutoa tani 3.67 za hewa ukaa. Vyeti huhesabiwa kwa tani za hewa ukaa. Wataalamu wa misitu, kwa upande wao, hupima mbao, majani na mizizi wakapata tani za ukaa, kisha huzidisha. Mfano wa kubuni utatosha. Msitu umeepushwa kupoteza tani 1,000 za ukaa; vyeti vyake ni 3,670. Mkataba wa Kiswahili ukisema kijiji kitalipwa "kwa kila tani ya kaboni", na bei iliyotajwa ni ile ya cheti kimoja, basi kwa kusoma neno kwa neno kijiji kinadai malipo ya tani 1,000 tu, na karibu robo tatu ya thamani imepotea katika nomino. Hatusemi kwamba jambo hilo limetendeka mahali fulani. Tunasema kwamba lugha ya "tani za kaboni" inaliruhusu, na kwamba mwanasheria mwenye nia mbaya hahitaji mwanya mkubwa kuliko huo. Katika maandishi yoyote yenye bei, "tani ya hewa ukaa" iandikwe kwa ukamilifu wake kila mara, hata ikichosha, na "ukaa" au "kaboni" iachiwe elementi peke yake.

Tumefika mahali penye uzito zaidi. Thamani ya cheti cha msitu hutegemea swali moja: msitu huu ungalikatwa kiasi gani kama mradi usingalikuwapo? Sarufi yetu ina kiambishi maalumu kwa ajili ya jambo hilo. Walimu hutufundisha kwamba -ngali- hutumika kwa sharti lililopita ambalo halikutimia: ungalikuja, ungalinikuta. Msemaji anajua kwamba hukuja, na ya kwamba kilichobaki ni kukisia. Soko zima la vyeti vya kuepusha ukataji limejengwa juu ya kiambishi hicho. Msitu uliosimama waweza kuupima kwa kamba na kwa picha za setilaiti. Msitu ambao ungalianguka huwezi kuupima, waweza kuukisia tu, kwa kutazama eneo jingine linalofanana nao ambalo halikulindwa, na kuhesabu lilivyokatwa. Ukichagua eneo la kulinganisha lililo karibu na barabara kuu na viwanda vya mbao, makisio hupanda na vyeti huongezeka, bila ya mti hata mmoja kuongezeka.

Mwezi Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza, Die Zeit la Ujerumani na shirika la waandishi liitwalo SourceMaterial walichapisha uchunguzi wao juu ya vyeti vya misitu ya mvua vilivyopitishwa na Verra, shirika lenye daftari kubwa kuliko yote katika soko la hiari. Walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti hivyo huenda havikuwakilisha upunguzaji wa kweli. Verra ilikanusha, ikisema njia za hesabu zilizotumiwa hazikuzingatia hali halisi ya kila mradi. Hatuna mamlaka ya kuamua kati yao. Lakini yafaa mwanaistilahi atambue ni kitu gani walichokuwa wakibishania. Hawakubishania miti iliyopo. Walibishania -ngali-.

Je, istilahi zetu zinamwonyesha msomaji kwamba hapo pana makisio? Haziwezi, maana kile kiwango cha kulinganishia kimetafsiriwa kuwa "mstari wa msingi" au "kiwango cha msingi". Msingi ni kitu cha mawe. Nyumba hujengwa juu yake, wala hakuna anayeuliza kama msingi wenyewe ni wa kweli. Hapa pamewekwa neno gumu kuliko yote mahali penye jambo laini kuliko yote. Kiswahili kinalo neno halisi, nalo ni "makisio". Tukiandika "makisio ya ukataji", mwenyekiti wa kijiji atajua mara moja kwamba kuna mtu aliyekisia, na atataka kujua ni nani na kwa njia gani. Wataalamu watalalamika kwamba neno hilo linadhoofisha imani ya wanunuzi. Kazi ya istilahi si kutia nguvu imani ya wanunuzi.

Juu ya hilo hilo, Kiswahili kinaweza kutofautisha mambo ambayo Kiingereza kimeyafunika kwa jina moja. Kuepusha ukataji, kufyonza hewa ukaa kwa miti mipya, na kupunguza moshi wa jikoni si tendo moja, wala hazina uhakika sawa. Ufyonzaji wa mti ulioota hupimwa kwa shina lake, uepushaji hukisiwa. Kitenzi kikiingizwa katika jina la cheti, yaani cheti cha uepushaji, cheti cha ufyonzaji, cheti cha upunguzaji, mnunuzi na muuzaji wote wanajua kilichomo. Haya yote yanawezekana kwa unyambuaji wa kawaida, bila ya kukopa hata silabi moja.

"Fidia" ni neno la kale lenye heshima, na kwa sababu hiyo matumizi yake mapya yanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kampuni ya ndege husema imefidia moshi wa safari. Katika sheria za ardhi, fidia hulipwa aliyepoteza: shamba limechukuliwa na barabara, mwenye shamba alipwe. Mwanakijiji akisikia kwamba kampuni ya Ulaya "inafidia", atadhani kwamba anayefidiwa ni yeye, na kwamba kwa hiyo kuna kitu chake kinachochukuliwa. Katika lugha ya mradi, kinyume chake, anayefidiwa ni anga.

Kuna na maana ya dini, ambayo wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa. Mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye hawezi kufunga Ramadhani, hutoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku aliyoshindwa. Huo ni wepesi aliopewa asiyeweza. Kijana mwenye afya hawezi kuketi mgahawani mchana wa Ramadhani akila kwa hoja kwamba kesho atalisha maskini. Hakuna shehe atakayemkubalia. Tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka imo ndani ya neno lenyewe, na ndiyo tofauti ambayo soko la hiari halikuwekewa njia ya kuiuliza. Kiwanda cha saruji, ambacho jiwe lake la chokaa hutoa hewa ukaa hata kikichomwa kwa moto ulio safi, kinaweza kudai kwamba kimeshindwa. Mtu anayeongeza safari za ndege kwa sababu amekwisha kulipia vyeti hawezi.

Umoja wa Ulaya nao umelishughulikia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 2024 ulipitisha agizo, linaloanza kutumika Septemba 2026, linalokataza bidhaa kutangazwa kuwa hazina athari au zina athari ndogo kwa tabianchi iwapo hoja ya tangazo ni vyeti vilivyonunuliwa kwingineko. Walaji wa Ulaya watalindwa dhidi ya neno. Haitakuwa haki neno lilo hilo, likiwa limekataliwa katika pakiti ya kahawa dukani, libaki katika mikataba ya Kiswahili ya wale wanaozalisha vyeti vyenyewe. Tunapendekeza kauli iliyo wazi: "kulipia upunguzaji". Kampuni imelipia upunguzaji wa tani 500 mahali fulani. Ndivyo ilivyofanya. Kama moshi wake umefutika au la, hilo ni dai jingine, nalo lithibitishwe peke yake.

"Soko la hiari" halitatuchelewesha. Hiari ni ya mnunuzi, ambaye hakulazimishwa na sheria. Mkutanoni husikika kama hiari ya kijiji, jambo ambalo lina neno lake, nalo ni ridhaa. Iandikwe "soko la wanunuzi wa hiari", na basi. "Uvujaji" ni kosa la namna nyingine: husikika kama tundu katika bomba, hali linalokusudiwa ni kwamba mchoma mkaa aliyezuiwa katika msitu huu amehamia msitu wa jirani. Kila mtu kijijini analijua jambo hilo, na hulieleza kwa kitenzi kuhama. "Uhamaji wa ukataji" yatosha. Na "mapato", ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inataka jamii ipewe angalau asilimia 40 yake katika miradi ya ardhini na asilimia 25 katika miradi mingine, lisiandikwe kamwe bila ya kivumishi. Kati ya mapato ghafi na mapato halisi pana ofisi, magari, wahakiki na washauri.

Msomaji anaweza kusema kwamba tunayapa maneno uzito kupita kiasi, na kwamba vijiji hudhulumiwa kwa nguvu, si kwa istilahi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ridhaa ni tendo la lugha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 imeuwekea Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi kubwa katika maamuzi ya ardhi, na mkutano huo huendeshwa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ya wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho. Huko lugha za nyumbani ni nyingine, na Kiswahili chenyewe ni cha kupokewa. Neno ambalo limepotoka katika Kiswahili hupotoka mara ya pili likitafsiriwa tena kwa mfugaji.

Ipo mifano ya kinyume. Katika ghuba ya Gazi, mradi wa kuhifadhi hekta 117 za mikoko, unaohesabiwa kupunguza tani zipatazo 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, ulianza mwaka 2013 kwa jina la Mikoko Pamoja. Waliolichagua jina hilo hawakutia kaboni, wala mkopo, wala hewa. Walitaja kitu kinachoonekana na namna ya kukitunza. Fedha zake zimetumika kwa maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni, mambo ambayo mkutano unaweza kuyahesabu. Hatudai kwamba jina ndilo lililoleta maji. Twadai tu kwamba mtu wa Gazi akiulizwa kinacholindwa, hajibu kwa istilahi.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi wa kuridhisha, nalo ni lile tendo la kukiondoa cheti sokoni baada ya mnunuzi kukitumia, ili kisiuzwe mara ya pili. Tafsiri ya "kustaafisha" ni mzaha. Cheti hakilipwi pensheni. "Kubatilisha" haifai, kwa kuwa cheti kilichobatilishwa ni kile ambacho tangu mwanzo hakikuwa halali. Mwenzetu mmoja alishauri mfano wa stempu ya posta, ambayo hupigwa muhuri isitumike tena. Lakini katika ofisi zetu karatasi iliyopigwa muhuri ndiyo iliyo halali, na wananchi hupanga foleni kuutafuta muhuri huo. "Kufuta" huleta picha ya kosa lililosahihishwa. Kwa sasa twaona heri kusema kwa urefu, "cheti kilichokwisha kutumika", mpaka atokee mwenye neno fupi zaidi, pengine kutoka katika lugha ya wenye magulio au ya makarani wa pamba, ambao walikuwa na daftari zao muda mrefu kabla ya daftari hizi.